Bonde lote ni wodi: mwongozo kwa mwanafunzi wa udaktari anayehamia Ifakara

Ukitoka Mikumi kuelekea kusini, milima ya Udzungwa inakuandama upande wa kulia, msitu umeifunika kutoka miguuni hadi mawinguni. Chini yake kuna miwa, kisha mpunga, kisha tambarare inayofunguka hadi macho yanachoka. Ifakara ipo katika tambarare hiyo, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanzishwa 2010 kando ya hospitali ya rufaa yenye jina hilohilo. Kama umepangiwa kusomea udaktari wa binadamu hapa kwa miaka 5, au unakuja kwa mazoezi ya wiki chache kutoka chuo cha mjini, mwongozo huu umeandikiwa wewe. Mengi yaliyomo yatakufaa pia ukipelekwa hospitali ya Haydom, Bumbuli au Ndanda.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: uzuri wa bonde hili la Kilombero na magonjwa yake vina chanzo kimoja. Maji yanayolisha mpunga ndiyo yanayozaa mbu. Mto unaoupiga picha jioni ndio unaomzuia mama mjamzito asifike hospitali mwezi wa nne. Mwanafunzi anayetenganisha hivi viwili, mandhari ya Jumapili na wodi ya Jumatatu, anaondoka na picha nzuri na utabibu nusu.

1. Isome ardhi kabla hujasoma faili

Kwa nini tuanze na ardhi? Kwa sababu hapa swali la "mgonjwa anatoka wapi" hulijazi tu kwenye fomu. Mara nyingi jibu lake ndilo nusu ya utambuzi.

Tazama mpunga. Mvua zinaposhika, familia nyingi za bonde zinahamia mashambani, wakati mwingine mwendo mrefu kutoka kijijini, na kuishi kwenye vibanda na madungu hadi mavuno. Wanalinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe pori na nyani. Mtoto akishikwa na homa huko, zahanati iko mbali, njia imejaa maji, na baba ndiye mwenye baiskeli na hayupo. Siku ya tatu analetwa amelegea, na kwenye faili mtu anaandika "amechelewa kuletwa". Huenda ni kweli, lakini sentensi hiyo haimsaidii mtu. Ukijua maisha ya shambani yalivyo, utauliza kama kule wana chandarua, kama wamebaki wadogo zake, na kama kuna mtu wa kurudi kuwaangalia leo hii.

Tazama mto. Hadi daraja la Kilombero lililozinduliwa 2018, kwenda Ulanga na Malinyi kulitegemea kivuko, na kivuko kilitegemea tabia ya mto. Daraja limebadilisha mengi, lakini vijito na barabara za ndani bado zinakatika wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwenye maji yaliyotuama kuna konokono wa kichocho. Kwenye maji yanayokwenda kasi, hasa yanayoteremka kutoka milima ya Mahenge, wanazaliana usubi wanaoeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Mahenge ina kifafa kingi kupita kawaida. Daktari Louise Jilek-Aall, kutoka Norway, alifungua kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwaona watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara bila kujizuia. Tangu wakati huo watafiti wamechunguza uhusiano wa ugonjwa huo na usubi. Kwa hiyo mgonjwa wa kifafa akikutajia kijiji chake, usikiandike tu. Muulize mto uko umbali gani.

Tazama ng'ombe. Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai wameingia bondeni na mifugo yao, na penye ng'ombe pana maziwa yasiyochemshwa. Homa ya wiki 3 yenye jasho na maumivu ya viungo, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu: fikiria brusela kabla hujaandika dawa nyingine ya kubahatisha. Penye nyumba pembeni ya pori pana nyoka, na penye mbwa wasiochanjwa pana kichaa cha mbwa.

Katika juma lako la kwanza, fanya hivi:

1. Chora ramani yako mwenyewe kwenye ukurasa mmoja. Weka Ifakara katikati, kisha Mang'ula na Kidatu kaskazini, Mlimba kusini-magharibi, Lupiro, Mahenge na Malinyi ng'ambo ya mto. Pitisha reli ya TAZARA.
2. Waulize madereva wa bodaboda na makondakta nauli na muda wa safari kutoka kila mahali, kiangazi na masika. Andika pembeni ya ramani. Wao wanajua kuliko ofisi yoyote.
3. Nenda sokoni asubuhi. Tazama kinacholiwa, kinachouzwa bei juu, na kinachokosekana.
4. Omba ruhusa, kisha tumia nusu siku kwenye zahanati moja ya pembeni. Angalia rejesta, dawa zilizopo rafuni na zilizokwisha. Hapo utaelewa barua ya rufaa inaandikwa na mtu mwenye nini mkononi, na hutamdharau tena.

2. Kabla hujapanda basi

Sehemu hii ni fupi. Chanjo tu ndiyo inayohitaji maelezo.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B inatolewa kwa dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu ikifika miezi 6. Ukisubiri hadi uanze kuingia wodini, utashika damu za watu ukiwa hujakinga mwili wako. Anza sasa, hata kama mwaka wa kwanza na wa pili ni madarasa ya anatomia na fiziolojia tu. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda.

*Orodha ya kufungasha*
- Kadi ya chanjo, na kadi ya bima ikiwa hai
- Chandarua chenye dawa, kikubwa cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro
- Tochi ya kichwani na betri za akiba. Umeme hukatika, na mikono yako itakuwa na kazi
- Gambuti na mwavuli
- Stetoskopu, tochi ndogo ya macho, utepe wa kupimia, saa yenye mshale wa sekunde
- Makoti meupe mawili, si moja. Masika nguo hazikauki
- Vitabu na miongozo ya tiba ya Wizara ya Afya ikiwa imepakuliwa kabisa kwenye simu, isitegemee mtandao
- Daftari dogo la mfukoni

3. Geto, chakula na bumu

Ukipata nafasi hosteli mwaka wa kwanza, ichukue. Ukipanga nje, usichague chumba kwa kuangalia rangi ya ukuta. Nenda ukaone kama nyavu za madirishani ni nzima, maji yanatoka wapi na kwa saa ngapi, choo kiko umbali gani na kisima. Waulize majirani, si mwenye nyumba, maji ya mvua yanafika wapi mwezi wa nne. Kisha pima njia ya kurudi usiku kutoka hospitali. Zamu ya usiku haiwezi kuisha kwa wewe kupita kichochoro cha giza peke yako. Dada zangu hasa, panga na wenzako mtembee pamoja au muwe na bodaboda mmoja mnayemfahamu.

Mkopo wa Bodi, yaani bumu, haufiki kila mara kwa tarehe uliyoizoea kichwani. Kuna dawa moja nzuri ya hilo ambayo mwanafunzi wa mjini hana: baada ya mavuno, kuanzia Juni, mchele hushuka bei. Changeni watatu au wanne mnunue gunia wakati huo. Kambale na perege wa Mto Kilombero wapo sokoni. Nyumba yenye mchele ndani haiogopi bumu kuchelewa.

Kuhusu afya yako mwenyewe, nasema kwa msisitizo: kama umetoka Njombe, Makete, Arusha au Unguja, mwili wako hauna mazoea ya malaria kama wa mtu wa bondeni. Kuitwa daktari mtarajiwa hakukukingi. Lala kwenye chandarua kila siku, hata siku unayoona hakuna mbu. Ukipata homa, pima. Usinywe dawa mseto kwa kukisia eti kwa kuwa unajua dozi. Chemsha maji ya kunywa. Usioge wala kuogelea mtoni.

4. Kumuuliza mgonjwa: hatua kwa hatua

Hapa ndipo mahali pa kutulia, kwa sababu vipimo vitakuwa vichache na maneno ya mgonjwa yatabeba mzigo mkubwa. Wanafunzi wengi wanafika wakiwa na orodha ya maswali ya kitabuni, wanayamwaga yote kwa dakika tano, kisha wanashangaa historia imetoka tupu.

1. Salimia kwanza, tena ukiwa umekaa. "Shikamoo bibi." Subiri marahaba. Ukibaki umesimama juu ya kitanda huku faili limekuziba uso, umeshamwambia kuwa una haraka.

2. Sema wewe ni nani. "Bibi, mimi ni mwanafunzi, bado najifunza udaktari. Naomba nikuulize habari za ugonjwa wako, kisha daktari atakuja kukuona." Atakuita daktari hata hivyo. Mkumbushe kwa upole. Akikataa kuulizwa na mwanafunzi, ni haki yake, mshukuru uende.

3. Mwache aeleze bila kumkatiza. Dakika mbili zinaonekana ndefu. Vumilia. Jambo kubwa mara nyingi hutajwa mwishoni, kwa sauti ya chini.

4. Uliza mahali. "Ugonjwa ulipoanza mlikuwa nyumbani au shambani?"

5. Uliza njia aliyopitia. "Mlianza kutafuta msaada wapi?" Inaweza kuwa duka la dawa, mganga, maombi, zahanati, au vyote vinne. Omba kuona pakiti za dawa, hata zilizo tupu. Uliza dawa za mitishamba kama unavyouliza chakula, bila kukunja uso. Ukikunja uso mara moja, hutaambiwa tena, na inawezekana mti aliopewa ndio unaomharibu figo.

6. Uliza amefikaje. Nauli, saa, nani amebaki na watoto. Kisha usimpangie kurudi baada ya siku 7 mtu aliyeuza kuku wake wa mwisho kufika leo. Zungumza na mkubwa wako kuhusu namna ya kufuatiliwa kwenye kituo kilicho karibu naye.

7. Mrudishie ulichosikia. "Kwa hiyo homa ilianza Jumatatu, kichomi kikafuata Jumatano. Nimeelewa sawa?" Utashangaa mara ngapi atakurekebisha.

Bondeni kuna Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wambunga, na wafugaji waliokuja baadaye. Kiswahili kinawaunganisha, lakini bibi wa Kisukuma aliyeishi miaka yote kwenye boma huenda asikielewe vizuri. Usimtumie mtoto wake wa miaka 9 kutafsiri mambo ya uzazi. Mtafute muuguzi au mhudumu anayejua lugha yake. Wahudumu wa wodi wanajua lugha nyingi kuliko madaktari wote wakijumlishwa.

> KISANDUKU: Mama akisema "degedege"
>
> Familia nyingi zinaona degedege kama ugonjwa wa peke yake, usiohusiana na malaria, na baadhi huanza kwa mganga. Watafiti wa Ifakara wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Ukimkemea mama, umempoteza.
>
> Mwambie: "Umefanya vizuri kumleta." Kisha, ukiwa na muuguzi au daktari:
> - mlaze mtoto ubavu, hakikisha anapumua, usimwekee kitu mdomoni
> - pimeni sukari kwenye damu mara moja. Ikishuka inaua haraka kuliko malaria yenyewe
> - pimeni malaria na wingi wa damu
> - angalieni shingo kukakamaa na utosi kuvimba, msije mkaacha homa ya uti wa mgongo
>
> Akipata nafuu ndipo mweleze mama uhusiano wa homa na degedege, kwa maneno yake mwenyewe.

5. Wodini: makosa yanayorudiwa

*Kuiona malaria kila mahali.* Bondeni malaria imepungua sana ukilinganisha na kizazi kilichopita, ila ipo na bado inaua. Kosa liko upande wa pili: kila homa kupewa jina hilo. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kati ya 100. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, leptospira, brusela, homa za kupe. Moshi si Ifakara, lakini fundisho linasafiri. Kipimo kikisema hakuna malaria, amini, kisha anza kufikiri.

Kumbuka pia upande mwingine: kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyemaliza dawa siku 10 zilizopita anahitaji damu yake itazamwe kwa hadubini.

*Kusahau dawa ya kumeza baada ya sindano.* Malaria kali hutibiwa kwa artesunate ya mshipa: miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, na miligramu 3 kwa mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20, mgonjwa akifika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Akiweza kumeza, lazima apewe dozi kamili ya dawa mseto. Mgonjwa anaamka, anacheka, anaruhusiwa, na kidonge hakuna aliyeandika. Jipe kazi ya kukagua hili kila raundi. Ni kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya kuliko mtu yeyote.

*Kutompima sikoseli mtoto anayerudirudi.* Tanzania ni miongoni mwa nchi wanamozaliwa watoto wengi zaidi wenye sikoseli duniani. Mtoto aliyeongezewa damu mara tatu "kwa sababu ya malaria" anastahili kipimo hicho.

*Kukurupuka kwa aliyeumwa na nyoka.* Wakulima wanang'atwa shambani, na mara nyingi wanafika wakiwa wamefungwa kamba kwenye mguu na kuchanjwa chale. Fuata utaratibu huu:

1. Ita mkubwa wako kwanza. Usifungue kamba iliyobana kwa pupa kabla ya njia ya mshipa na vifaa vya kumsaidia kupumua kuwa tayari.
2. Mtulize, asitembee. Kiungo kisichezechezwe.
3. Vua pete na bangili kabla uvimbe haujazidi.
4. Usikate, usinyonye, usiweke jiwe la nyoka wala barafu.
5. Weka mililita 2 za damu ya mshipa kwenye chupa safi, kavu, ya kioo. Iache dakika 20 bila kuigusa, kisha iinamishe. Ikimwagika kama maji, damu yake haigandi, na hiyo ni dharura. Hakikisha chupa ni ya kioo. Ya plastiki inadanganya.
6. Angalia kope kulegea, kumeza kwa shida, pumzi kuwa fupi.
7. Weka alama ya uvimbe kwa kalamu, na saa pembeni yake.

Kipimo cha hatua ya 5 hakihitaji mashine wala umeme. Jifunze kukifanya vizuri.

*Kusubiri mtoto mchanga alie.* Wodi ya wazazi itakupa mengi, na hili ni la kwanza. Mtoto asiyepumua ana dakika moja, wanayoiita dakika ya dhahabu: mkaushe, msugue mgongo, safisha njia ya hewa ikiwa imeziba tu, na kama bado, anza kumpulizia kwa ambu kabla sekunde 60 hazijaisha. Haydom, kule Manyara, imefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba mafunzo mafupi yanayorudiwa mara kwa mara, mkononi, kwenye mwanasesere, yanaokoa watoto. Omba mwanasesere, fanya zoezi na wakunga kila wiki. Usione haya kufundishwa na mkunga. Wengi wao wamepokea watoto tangu wewe hujazaliwa.

Halafu mipaka. Mahali penye wagonjwa wengi na madaktari wachache, utaombwa kufanya zaidi ya unachojua, wakati mwingine kwa nia njema kabisa. Sheria inakutambua kama mwanafunzi chini ya usimamizi. Jibu lako liwe hili: "Sijawahi kufanya hili peke yangu. Naomba usimame nami." Hakuna mkubwa mwenye akili atakayelichukia. Mgonjwa wa kijijini anastahili usimamizi uleule ambao angepewa mgonjwa wa Muhimbili, na asiye na mtu wa kumlalamikia ndiye wa kulindwa zaidi.

> KISANDUKU: Sindano ikikuchoma
>
> 1. Acha unachofanya. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usisugue.
> 2. Damu ikiruka machoni, suuza kwa maji mengi.
> 3. Toa taarifa sasa hivi kwa msimamizi wa wodi, hata kama ni saa 9 usiku.
> 4. Mgonjwa apimwe kwa ridhaa yake, nawe upimwe.
> 5. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa za mwanzo. Zikipita saa 72 hazisaidii tena. Zinamezwa siku 28.
> 6. Rudi kupimwa kama utakavyopangiwa.
>
> Makosa ya kawaida: kuficha kwa aibu, kumwangalia mgonjwa usoni na kuamua "anaonekana mzima", kuacha dawa siku ya tano kwa sababu ya kichefuchefu. Juma la kwanza uliza dawa hizo zinatunzwa wapi usiku na nani ana ufunguo.

6. Kusoma pasipo maktaba kubwa

Usidhani umeletwa mbali na elimu. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara 1949, na ndani ya muongo uliofuata maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki ikaanza kazi hapa. Mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha wahudumu wa afya. Maabara ile ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu vyandarua vyenye dawa na mbu wa Afrika yamechunguzwa kwenye vijiji unavyoviona kutoka dirishani. Omba kuhudhuria mihadhara yao. Omba kuonyeshwa jinsi mbu wanavyotambuliwa. Watafiti hufurahi kuulizwa na mtu aliyejiandaa.

Kwa kila siku, fuata mwendo huu: mgonjwa mmoja, ukurasa mmoja. Jioni chagua mgonjwa uliyemwona, soma ugonjwa wake tu, andika maswali matatu ya kumuuliza kesho. Kitabu cha kumbukumbu za kazi kijazwe na kusainiwa siku hiyohiyo. Ukingoja mwisho wa mzunguko, aliyekusimamia atakuwa amehamishwa.

7. Mlimani na kijijini

Pumzika, tena bila kujihisi mwenye hatia. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, lango lake liko Mang'ula, njia ileile uliyojia. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 hivi katikati ya msitu, na kima wa Sanje, aliyetambuliwa na wanasayansi 1979 tu, hapatikani popote nje ya milima hii. Nenda na mwongozaji wa hifadhi, vaa viatu vilivyofunika kifundo, ondoka asubuhi.

Kwenye kingo za mto, mamba na viboko ni wa kweli. Usisimame majini kupiga picha jioni.

Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mpole. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Picha za wagonjwa usipige. Wala ya mtoto mwenye tabasamu, wala ya kidonda "cha kujifunzia", wala ya wodi kwa mbali. Mgonjwa hawezi kukukatalia kwa uhuru akiwa kitandani na wewe umevaa koti jeupe. Picha ya kitaaluma ina utaratibu wake wa ridhaa ya maandishi; upitie.

Kanisani, msikitini, kwenye uwanja wa mpira, kwa mama ntilie: jitokeze. Watu wa mji huu wakikufahamu kwa jina, watakuambia mambo ambayo hayafiki wodini. Ila utaulizwa pia ushauri wa dawa barabarani. Wasikilize, waelekeze hospitali, usiandike dawa.

8. Mtoto akifa mikononi mwenu

Itatokea, pengine usiku, pengine kwa kukosa damu ya kumwongezea. Usikimbilie kwa mgonjwa mwingine papo hapo. Simama na muuguzi akimfunika. Kaa karibu na mama bila kutoa maelezo marefu. "Pole sana mama" inatosha kwa dakika ile. Kesho yake mwombe daktari wako mpitie faili pamoja: nini kilifanyika, nini kingeweza kufanyika mapema, nini kilikuwa nje ya uwezo. Usipolala siku kadhaa, ukaanza kuchukia wodi au kunywa ili usahau, mwambie mlezi wa wanafunzi au mtu unayemwamini. Hilo halikufanyi dhaifu, na wakubwa wako waliopita hapo ni wengi kuliko wanavyosema.

Kama damu ndiyo iliyokosekana, kuna kitu cha kufanya. Jiandikisheni darasa zima kuchangia, kwa zamu, hasa miezi ya masika ambapo watoto wenye upungufu wa damu huongezeka.

9. Unapoondoka

- Waage wagonjwa uliokuwa ukiwafuatilia, kila mmoja kwa jina, na umwambie nani atamwona kesho.
- Kabidhi kwa maandishi majibu ya vipimo ambayo hayajarudi.
- Rudisha vitabu na mwanasesere wa mazoezi.
- Washukuru wauguzi na wahudumu ana kwa ana.
- Gambuti, chandarua na ramani yako ya nauli mwachie mwanafunzi anayeingia. Kabla hujampa, sahihisha nauli.